Meza ya useremala: isogezwe na mtu mmoja, lakini isitikisike nikipiga randa

FundiLangoni

Salam aleikum wakuu. Naombeni mawazo, hasa mafundi wa mbao na yeyote anayefanya kazi kwenye chumba kidogo. Niko Lamu mjini, mtaa wa Langoni, nimekodi chumba cha chini kwenye nyumba ya zamani ya mawe. Kazi zangu ni fremu, vitanda, viti, na kurekebisha milango ya zamani ya watu. Chumba ni kidogo na joto la huku mnalijua, vumbi likijaa mule ndani hakuna pa kupumulia, kwa hivyo asubuhi naitoa meza nje kwenye uwazi ulio ubavuni mwa nyumba, pana kivuli mpaka karibu adhuhuri, na jioni lazima irudi ndani maana pale ni njia ya punda na mikokoteni.

Meza niliyoikuta hapa ina urefu wa futi 5 na upana futi 2, miguu ni mbao za 4x2 za saiprasi, juu plaiwudi, chini kasta nne (vigurudumu vidogo) za inchi 3 zenye breki. Kusogezwa inasogea vizuri tu. Shida ni kazi yenyewe. Nikiweka ubao wa mbambakofi nikaanza kusukuma randa, meza inakwenda mbele kidogo, inarudi, inatetemeka, na breki nimezikanyaga zote nne. Mwisho randa inaruka na kuacha alama kwenye mbao ya mteja, na mbambakofi wa siku hizi bei yake si ya kuchezea. Nikigonga patasi ndo kabisa, nguvu ya nyundo yote inapotelea chini.

Sasa nataka kujenga mpya. Mlango wa chumba una upana wa inchi 32, na una kizingiti kimeinuka kama inchi 3. Sakafu ya ndani ni ya chokaa ya kizamani, ina mabonde. Nje ni saruji iliyopasuka na mchanga juu yake. Kwenye video naona watu wanatengeneza meza za magurudumu nzuri sana lakini sakafu zao zimenyooka na hawana kizingiti. Kuna njia ya kupata meza ambayo mtu mmoja anaisogeza, na ikisimama isimame kweli?

mbao_malindi

Waaleikum salam fundi. Mimi niko Malindi, natengeneza makabati na meza za kulia, na swali lako limenigusa kwa sababu nawaona vijana wengi wanaanza kazi kwenye meza inayocheza halafu wanadhani mikono yao ndo mibaya. Mkono hauna kosa. Randa ikiwa na makali na ubao umetulia hata mwanafunzi mgeni anatoa maranda marefu, ubao ukicheza hata fundi wa miaka mingi anaruka.

Sasa hizo breki. Breki ya kasta ya kawaida inashika gurudumu lisizunguke, basi. Haishiki shingo, ile sehemu inayogeuka kushoto na kulia. Na ukiitazama kasta vizuri utaona gurudumu halikukaa chini ya shingo sawasawa, limesogezwa pembeni kidogo ili liweze kufuata kule unakosukuma, kwa hivyo ukisukuma randa shingo inageuka na meza inakwenda ule upana wa pembeni mpaka igome, ukivuta mkono inageuka tena upande mwingine. Ndo hio mbele nyuma unayoiona. Ongeza beringi iliyolegea na mpira unaobonyea, hapo umesimama juu ya vitu vinne vyote vinataka kwenda.

Lakini usizilaumu kasta peke yake mpaka uhakikishe. Tafuta vipande vya mbao, viweke chini ya fremu karibu na kila kasta, piga kabari mpaka magurudumu yote yaning'inie, halafu shika ukingo wa meza uisukume kwa nguvu, kwanza kwa upana wake kisha kwa urefu wake. Ikitulia, ugonjwa ni kasta. Ikiendelea kuyumba basi maungo nayo yamekufa na hata ukiweka magurudumu ya bei gani haitakaa. Tuletee majibu kabla hujanunua hata msumari.

mpeketoni_gereji

Mimi naona tofauti kidogo. Kasta sio mbaya, mbaya ni kasta za bei rahisi. Kuna zile ukikanyaga breki zinafunga gurudumu na shingo kwa pamoja, zangu ni inchi 5, nimezifunga chini ya meza yenye msumeno wa umeme na rauta (mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao), sakafu ni saruji iliyosawazishwa vizuri, na haisogei.

Alafu uzito, usigawe kwa nne, gawa kwa tatu. Sakafu isiponyooka gurudumu moja huwa halibebi kitu, matatu ndo yanabeba. Meza kilo 90, mzigo kilo 40, jumla 130, gawa kwa tatu ni kama 43, kwa hivyo tafuta kasta ya kubeba kilo 50 na zaidi kila moja.

mbao_malindi

@mpeketoni_gereji hio hesabu ya tatu ni sahihi kabisa, watu waiandike. Na kwa mashine uko sawa, msumeno wa umeme unakata wenyewe, wewe unausindikiza ubao tu, nguvu inayosukuma meza ni ndogo. Randa ya mkono ni kazi nyingine. Pale unatia uzito wa mwili, unasukuma kwa ulalo, tena kwenye ukingo wa juu, mbali na ardhi, na hio sukuma sukuma inarudiwa asubuhi nzima. Halafu yeye sakafu yake ina mabonde, gurudumu moja litakuwa hewani kila anaposimamisha, atafunga breki nne za kununua ghali na meza itakuwa inapiga bembea. Kwa kazi yake meza inatakiwa ikae kwa miguu yake yenyewe, mbao kwa ardhi, na magurudumu yaguse chini wakati wa kusogea tu. Hapo mimi sibadilishi neno.

FundiLangoni

Nimefanya jaribio. Baada ya kuinua kasta, ile kutembea imekwisha kabisa na kwa upana imetulia. Ila kwa urefu bado inalala kidogo. Nimechuchumaa nikatazama huku kijana wangu anaisukuma, pale mguu unapokutana na ubao wa juu naona mwanya unafunguka na kufunga, ni misumari mitupu mule, hakuna ulimi (ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la mguu) wala bolti. Kwa hivyo ni yote mawili. Hii naivunja, mbao zake nitazipangia kazi nyingine. Naomba basi mnielekeze kujenga, na hayo magurudumu ya kugusa chini wakati wa kusogea tu yanafungwaje?

mbao_malindi

Haya, tuanze na mwili wa meza maana huko ndo wengi wanaharakisha wafike kwenye magurudumu.

Meza ndefu huyumba zaidi kwa urefu kuliko upana, na dawa yake ni urefu wa ungo, yaani pale ubao unapokutana na mguu pawe parefu kwenda chini. Ubao wa 2x2 uliopigwa msumari unashika mguu kwa inchi 2 tu, huo ni mhimili wa kuzungukia, haukatazi kitu. Weka ubao wa 6x2 juu na mwingine wa 6x2 chini, kama inchi 6 kutoka ardhini, kila mmoja uingie kwenye mguu kwa ulimi na tundu, mguu uwe 4x4 au 4x2 mbili zilizogandishwa kwa gundi. Kwa upande wa urefu funga kwa bolti ya milimita 10 yenye washa pana, ili uweze kuikaza tena. Bolti za mabati yaliyochovywa zinki tafadhali, pwani hii chuma kitupu kinakula kutu upesi, na kutu ikishagandana na nati utaikata kwa grenda.

Halafu nyuma ya meza, kati ya miguu miwili, bandika plaiwudi ya milimita 12 kuanzia ubao wa juu mpaka wa chini, gundi na skrubu kila inchi 4 hivi. Hilo bango ndo linaua mtikisiko wa urefu, maana ili meza ilale ni lazima plaiwudi ivutike mshazari, pembe kwa pembe, na haivutiki. Kama hutaki kuziba nyuma weka mbao mbili za mshazari, lakini plaiwudi ni rahisi na ina uhakika zaidi.

Sasa magurudumu ya kukunja. Chini ya meza, kwa kila upande wa mwisho, chukua ubao unaoingia kati ya miguu miwili. Ufunge kwa bawaba tatu nzito kwenye ukingo wa chini wa ule ubao unaounganisha miguu, uelekee ndani, chini ya meza. Kwenye huo ubao ndo unafunga kasta mbili kwa bolti. Meza ikiwa chini ubao huo umesukumwa juu na magurudumu, haubebi chochote, meza imesimama kwa miguu. Ukitaka kusogeza unainua upande mmoja wa meza, ubao unaanguka wenyewe, na juu yake kuna kigongo kifupi chenye bawaba kwenye ubao wa rafu, unakishusha kisimame wima juu ya ubao wa magurudumu. Hicho kigongo ndo kinakataza ubao usipande. Ukiiachia meza inakaa juu ya magurudumu. Ukifika unavuta kamba iliyofungwa kwenye kigongo, kinatoka, ubao unakunjika na meza inashuka kwa miguu yake. Kigongo kikate urefu wa kuifanya meza inyanyuke nusu inchi, usizidishe, na upige kibao cha kukizuia kisipitilize wima, la sivyo kitateleza njiani na meza itadondoka na vidole vya mtu.

Upande mmoja weka kasta zisizogeuka, upande wa pili zinazogeuka. Zikigeuka zote nne meza inakwenda inakotaka yenyewe kwenye sakafu yenye mteremko.

MwanaMatondoni

Kijana wangu wa Langoni, nimesoma maneno ya fundi wa Malindi na ni maneno ya mtu anayejua kazi. Mimi huku Matondoni ni mtu wa mashua na madau, sio wa makabati, lakini meza nzito tunazo na tunazihamisha juu ya mchanga. Kitu kimoja kinanitia wasiwasi. Mlango wako una kizingiti cha inchi 3, na hizo kasta za kukunja zinakupa nusu inchi. Gurudumu dogo likifika kwenye kizingiti litagota, kwenye mchanga litazama, kwenye ufa wa saruji litanasa. Kasta ni kitu cha sakafu safi.

Mimi ningekushauri magurudumu mawili tu, makubwa, ya inchi 10, yale ya mkokoteni mdogo. Yafunge upande mmoja wa meza kwa ekseli moja, nje ya miguu, kiini cha ekseli kiwe inchi 6 kutoka kwenye uso wa mguu. Na hapa ndio pa kuwa makini, pima kwa meza ikiwa imesimama sakafu iliyonyooka: gurudumu lisiguse chini. Libaki na upenyo wa milimita 3, upitishe kipande cha plaiwudi nyembamba kati ya gurudumu na ardhi kikipita kwa kujikwaruza ndio sawa. Upande wa pili wa meza weka mikono miwili ya mti ya kushikia, iingie kwenye vibano chini ya ubao wa juu, ichomoke ukimaliza ili isikugonge mapaja ukifanya kazi. Ukiinua mikono meza inaegemea magurudumu, miguu yote inaachana na ardhi, unakwenda. Ukiishusha imesimama kwa miguu minne na magurudumu hayana habari tena. Hakuna bawaba, hakuna kamba, hakuna kigongo cha kuteleza. Ukiinua mikono kama futi moja miguu ya upande wa magurudumu inapanda karibu inchi moja, inatosha kwa mabonde ya sakafu yako.

Kwa kizingiti tengeneza vibao viwili vya mteremko, futi 2 kila kimoja, kimoja ndani kimoja nje, uviweke wakati wa kupita tu. Ukiwa unasukuma magurudumu yakiwa mbele, kupanda ni rahisi maana ardhi ya nyuma inakuachia nafasi, ila ukianza kushuka upande wa pili inua mikono zaidi, la sivyo miguu itakwaruza ncha ya kizingiti. Na kizingiti cha nyumba ya zamani usikichonge hata kidogo, hata kama mwenye nyumba amekuruhusu, kile kimekaa pale kabla yetu.

Uzito: ukibeba kwa mtindo huo mikono yako inachukua karibu nusu ya meza. Meza ya kilo 80 ni kilo 40 mkononi, kidogo zaidi au kidogo pungufu kulingana na urefu wa ile mikono ya mti. Kijana mwenye afya anaweza, ila meza ya kilo 80 kwa randa ni nyepesi. Basi usiupigilie uzito kwenye meza, uweke pembeni. Tafuta mitungi ya plastiki ya lita 20, ijaze mchanga mkavu wa ujenzi. Maji lita 20 ni kilo 20, lakini mchanga mkavu lita moja ni karibu kilo moja na nusu, kwa hivyo mtungi mmoja ni kilo 30. Minne chini kwenye rafu ni kilo 120, na meza kilo 80, sasa una kilo 200 zimekaa karibu na ardhi. Hapo piga randa upendavyo. Jioni unatoa mitungi mmoja mmoja, unaisogeza meza, unairudisha.

Na mchanga wenyewe nunua wa ujenzi. Usiende kuchota kwenye matuta ya Shela, yale matuta ndio yanayotuhifadhia maji ya kunywa ya Lamu, kila debe linalotoka pale ni la watu wote. Wala usichukue wa ufuoni wenye chumvi, utakulia bolti.

FundiLangoni

Mzee wangu nashukuru sana wallahi. Hio ya uzito wa kutoa na kurudisha sikuwahi kuifikiria, kila ninayemuuliza ananiambia meza iwe nzito mpaka isibebeke, na mimi nasema nitaisogezaje. Magurudumu makubwa nayaona yanafaa njia yangu. Upana wa ekseli nitaubana usizidi upana wa meza, inchi 24, ili nipite mlangoni bila kugusa.

dada_randa_shela

Kaka wa Langoni hongera kwa swali zuri. Mimi niko Shela, nachonga na kutengeneza fanicha ndogo. Nataka niongeze njia ya tatu, kwa sababu naona wote mnazungumza magurudumu na kuna meza za kuhamishika ambazo hazina gurudumu hata moja.

Kuna aina ya meza wanaiita ya Moravia, ilikwenda Marekani na Wamoravia (Wakristo waliotoka Ulaya ya kati) waliohamia North Carolina, inavunjwa na kuunganishwa tena bila chombo isipokuwa nyundo ya mbao. Miguu imefungwa wawili wawili kama fremu mbili, imelazwa kidogo ili chini pawe papana kuliko juu. Mbao ndefu za kuunganisha hizo fremu zina ulimi mrefu unaopenya mguu na kutokea nje, ule ulimi umetobolewa tundu na kwenye tundu unapigwa kabari. Kabari ikiingia inavuta mguu ugande kwenye bega la ubao. Ule mshiko ni mkali, na mbao ikinywea wakati wa kaskazi hufungui spana, unagonga kabari mara moja inakaza tena. Juu kuna ubao mmoja mnene wa mbele wa kufanyia kazi, na nyuma yake sinia jembamba la kuwekea vyombo. Mtu mmoja anaibeba kwa vipande.

Sisemi uibomoe meza asubuhi na jioni, itakuchosha. Lakini kama kazi nyingine unafanyia nyumbani kwa mteja, na mlango mkubwa hauletwi kwako, hii ndio ya kuipakia kwenye mkokoteni au juu ya punda mpaka Shela au mpaka kwenye boti ya Mokowe, kule bara. Kwa meza yako ya kila siku ningechukua magurudumu ya mzee wa Matondoni, lakini zile mbao mbili ndefu za chini ningezifunga kwa kabari badala ya bolti. Hazishiki kutu na hazitaki hadiwea.

Miguu nayo kwenye chokaa ya zamani inateleza, na pia inaikwaruza. Kata tairi kuukuu, ile ya kutengenezea akala, pande la ukubwa wa mguu, lizamishe skrubu ndani zisiguse sakafu. Meza itashika ardhi. Mpira wa ndani wa baiskeli usitumie, unabonyea na kuachia.

mbao_malindi

@dada_randa_shela kabari nakubali, nilisahau kuitaja na ni nzuri zaidi kwa mtu wa Lamu. Plaiwudi ya nyuma aibakize lakini, kwa skrubu tu bila gundi ili aweze kuifungua.

FundiLangoni

Nimeelewa. Maswali mawili ya mwisho halafu niende Mokowe kuangalia mbao. Kwanza miguu minne kwenye sakafu ya mabonde, hata bila magurudumu si itapiga bembea? Pili urefu wa kwenda juu na mbao ya juu, nitumie nini? Mvule nimeulizia ni ghali.

mpeketoni_gereji

Bembea: toboa chini ya kila mguu, zamisha nati ya milimita 12 kwa gundi ya epoksi, halafu ingiza bolti kichwa kikiwa chini. Unaizungusha kwa spana mpaka inagusa. Mguu mmoja au miwili inatosha kurekebishwa, sio lazima yote minne. Usiitoe nje sana, bolti ndefu iliyotoka inchi 2 inaanza kucheza nayo.

dada_randa_shela

Ya mpeketoni ni nzuri kwa sehemu moja, lakini yeye ana sehemu mbili, ndani na nje, atakuwa anazungusha spana kila siku. Kaka fanya hivi. Chagua pahala pamoja nje na pahala pamoja ndani ambapo meza itakaa siku zote. Isimamishe, tia kabari nyembamba pale panapohitaji mpaka pimamaji itulie, halafu chora duara la rangi kwenye sakafu kuzunguka kila mguu. Kabari za nje zipake rangi moja, za ndani nyingine, na uandike ni ya mguu upi, zining'inize kwa uzi kwenye mguu wenyewe. Ukifika unaweka mguu kwenye duara, unatia kabari yake, umemaliza. Kabari ya mbao ngumu haizidi unene wa kidole na haibonyei.

Na meza ukiweza iegemeze ukuta au nguzo upande ule unaosukumia randa. Nguvu yote ya mwisho inaishia kwenye jiwe na jiwe halitikisiki.

MwanaMatondoni

Urefu: simama wima na viatu vyako vya kazi, acha mkono uning'inie, juu ya meza pawe pale kifundo cha mkono wako kinapoanza. Kwa watu wengi inakuja kati ya inchi 32 na 34. Anayepiga randa sana apunguze inchi moja, ili asukume randa kwa mwili na sio kwa bega. Meza ya juu sana inaua mabega mapema, nimewaona watu wazuri wakiacha kazi kwa sababu hio. Kazi ya nakshi isikuharibie kipimo, kuchonga tunachonga tumekaa chini kwenye mkeka kama siku zote.

Mbao: miguu na mbao za kufunga saiprasi inatosha ikiwa kavu, isiwe na vifundo pale kwenye ulimi. Kabari zenyewe usifanye za saiprasi, zitapondeka, tafuta mabaki ya mbambakofi au mkoko. Juu, kama mvule umekushinda, tumia mwembe uliokaushwa vizuri au mkaratusi, unene usipungue inchi 2, na pale karibu na jiliwa (kibano cha kushikia ubao) ongeza kipande chini pawe inchi 3. Ubao wa juu usiugandishe kwa gundi kwenye fremu. Utatanuka na kunywea kwa upana wake mvua za masika zikija na kaskazi ikirudi, ukiufunga kila mahali utapasuka katikati. Funga kwa skrubu kwenye ukingo wa mbele, na nyuma tundu za skrubu ziwe ndefu ili ubao uteleze.

mbao_malindi

Na jiliwa ifunge juu ya mguu wa mbele kushoto kama unatumia mkono wa kulia, sio katikati ya meza. Kila unapotoboa tundu kwa patasi, ubao uweke juu ya mguu, nyundo ishuke moja kwa moja ardhini. Upande huo usiwe wa magurudumu, ekseli itakuzuia kusimama karibu. Magurudumu yaweke kulia.

FundiLangoni

Magurudumu kulia, jiliwa kushoto, mikono ya kuinulia itoke upande wa jiliwa. Sasa nimeiona meza yote kichwani. Kesho asubuhi nachukua boti ya kwanza kwenda kuchagua saiprasi, na mzee wa Matondoni kama una mabaki ya mkoko ya kutosha kabari nane, nitapita kuyachukua nikirudi.

MwanaMatondoni

Yapo, njoo na gunia. Nitakuchagulia yaliyonyooka nyuzi, kabari ya nyuzi za mshazari hupasuka ukiigonga mara ya pili.